Gramu Mia Nne

Kifuko kilidondoka wakati Pierrette anainamia mizani, na yeye mwenyewe hakuhisi kitu. Upande ule wa kifua haukuwa ukihisi chochote tangu alipokatwa Lusaka, miezi kumi na sita iliyopita. Alikuwa amekumbatia beseni la chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa Mweru, anawamimina kwenye karai la mizani ya kamati ya soko la Kashikishi, na jasho la mwezi wa kumi lilikuwa likimtiririka hadi kiunoni. Pini iliyoshika sidiria ikafunguka. Kifuko kikateleza chini ya blauzi, kikaangukia kwenye samaki, samaki wakakifunika.

"Kumi na mbili na nusu," akasoma Matildah kwa Kibemba, lugha ya soko lile. Alikuwa mnunuzi wa jumla kutoka Kitwe, na kwa miaka sita hakuwahi kununua chisense kwa mtu mwingine kabla ya kupita kwa Pierrette. "Leo umenipendelea, ba Pierrette."

Akamimina karai kwenye gunia lake. Mkono wake ukagota kwenye kitu. Akakitoa na kukikung'uta magamba: kitambaa cha rangi ya ngozi, kimeshonwa mviringo kwa sindano ya mkono, ndani yake nafaka. Akakipimapima kwenye kiganja. Halafu akakiweka peke yake juu ya mizani, na mshale ukasogea.

"Gramu mia nne." Sauti yake haikuwa tena ya utani. "Kila karai gramu mia nne? Miaka sita?"

Watu wa soko hawaitwi mara mbili. Waliokuwa wanabishana bei ya makayabo, samaki wa chumvi, wakaacha, waliokuwa wanafunga magunia wakasogea na kamba zao mikononi. Bwana Chama, mwenyekiti wa kamati, akaja akiwa bado anatafuna, akakichukua kile kifuko, akakibonyeza, ulezi ukalia ndani.

"Mama, hiki ni nini?"

Pierrette alikuwa amekishona mwenyewe. Cha kwanza alikijaza pamba, kikawa chepesi, kinapanda hadi shingoni kila anapoinua mkono. Ndipo akajaza ulezi, akaupima dhidi ya titi lililobaki, kiganja hiki na kiganja hiki, mpaka vikalingana. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo. Yalikuwa mafupi na yangemtoa pale dakika ileile. Akazitazama nyuso zilizomzunguka, na samaki wake kwenye beseni, chakula cha watu.

"Ni changu," akasema.

"Cha kazi gani?"

"Cha uzito."

Pakapita mguno. Mtu mmoja nyuma akasema, "Wakongomani, ndivyo walivyo," na wanawake wawili wa Pweto, Wakongomani wenzake waliokuwa wanauza jirani yake, wakainamisha vichwa kwenye mabeseni yao, wakijua kwamba kuanzia siku ile na wao watapekuliwa. Bwana Chama hakupandisha sauti. Alisema faini ni kwacha mia tano, na kwa majuma mawili asiiguse mizani. Pierrette akanyoosha mkono.

"Nirudishieni."

"Huu ni ushahidi, mama."

Akaenda kukiweka juu ya meza ya kamati, karibu na kitabu cha risiti, mahali ambapo kila aliyekuja kulipa ushuru angekiona. Pierrette akajifunika kikwembe, kitenge chake cha Kongo, kifuani, akakibana kwa mikono miwili, akaondoka. Waliomwona njiani walidhani anajificha kwa aibu ya wizi.

*

Mumewe, Valère, alikuwa ameshapata habari. Alikuwa fundi wa injini za boti, na chini ya kibanda chake cha mabati kando ya nyumba habari zilifika pamoja na wavuvi. Alikuwa amefungua kabureta, vipande vimepangwa juu ya gazeti, na aliuliza kwa Kiswahili cha kwao Kongo bila kuinua macho.

"Ni kweli yenye banasema?"

"Banasema nini?"

"Banasema asema we njo mwizi wa kilo."

"Nilikubali."

Hapo akainua macho. Walikuwa wameishi Kashikishi miaka kumi na tisa tangu walipovuka kutoka Pweto, na kwa muda wote huo hakuna aliyewahi kumdai Pierrette hata samaki mmoja.

"Ulikubali? Juu ya nini?"

"Juu mwizi analipa amende ya Chama, inaisha. Mutu wa kansa analipa amende gani, Baba Antoine? Nani atakula samaki yenye nimekamata na hii mikono?"

Valère akachukua kitambaa, akajipangusa vidole kimoja kimoja, muda mrefu kuliko vilivyohitaji. Walipokwenda Lusaka kwa upasuaji waliwaambia majirani wanakwenda kumzika shangazi. Alipokwenda tena kwa mionzi, majuma matano, walisema ni mirathi ya shangazi yuleyule. Tangu aliporudi Pierrette alivua nguo nyuma ya mlango, na Valère alilala akiuelekea ukuta. Hakuna aliyemwomba mwenzake iwe hivyo. Ilianza hivyo usiku wa kwanza, na usiku wa kwanza ukawafundisha mwingine.

Alasiri akafika Yolande, dada yake Valère, aliyevuka ziwa kila juma na mafuta ya mawese na sabuni. Yeye peke yake ndiye aliyejua. Akatua madumu yake, akasikiliza yote hadi mwisho, kisha akapiga makofi mara moja.

"Miye nilisema tangu zamani. Ku Lubumbashi iko clinique, banaweka silikoni. Dola elfu ine. Unaingia, unatoka, unakuwa tena mwanamuke."

"Sasa niko nini?" akauliza Pierrette.

"Mulamu, usinikamate maneno. Unajua minataka kusema nini." Akamgeukia kaka yake. "Mwanaume anaangalia, hata kama hasemi."

Valère alikuwa anakitazama kichwa cha ile injini kubwa iliyofungwa kwenye gogo pembeni. Ilikuwa mali yake mwenyewe, ndiyo aliyokuwa akiikodisha kwa wasafiri wa kisiwa cha Chisenga, na ndiyo iliyomlipia mwanawe Antoine chuo kule Mansa.

"Nitauzisha moteri," akasema.

Hakuna aliyemuuliza Pierrette. Alikaa juu ya dumu la mawese, mkono umepita kifuani, mchovu wa kuchoka kweli. Akasema tu kwamba Misozi, nesi wa kliniki, alimwambia Alhamisi atakuja daktari wa upasuaji kutoka Lusaka kuwaona wanawake waliokatwa. "Tusikie kwanza. Kusikia ni bure."

*

Alhamisi walikaa kwenye benchi la kliniki tangu saa moja hadi saa sita. Daktari Chalwe alikuwa mwanamke, mdogo kwa Pierrette kwa miaka kumi labda, miguu imevimba ndani ya raba kwa kusafiri. Misozi alisimama pembeni na majalada.

"Mayo, vua blauzi," akasema daktari, akimwita mama kwa Kibemba.

Valère akaelekea mlangoni.

"Baba, kaa. Haya yanakuhusu."

Akakaa, akaikodolea macho kalenda ya ukutani, akaisoma mwezi baada ya mwezi. Kibemba chake kilikuwa kizuri kwa mambo ya plagi na propela. Kwa mambo ya mwili wa mkewe hakuwa na maneno, na Misozi ilimbidi arudie polepole, jambo lililomtia haya zaidi.

Daktari alipapasa kovu, akavuta ngozi kwa kidole gumba, akaiachia. Kisha akageuza fomu, akachora nyuma yake kifua cha mwanamke, kibaya kama mchoro wa mtoto wa chekechea.

"Wengine watakuambia silikoni. Naweza kuiweka. Lakini kwanza inabidi ngozi ivutwe, na ngozi yako imepigwa mionzi, haivutiki. Inaweza kupasuka, inaweza kutunga usaha, na mimi nipo Lusaka, mchana na usiku wa basi. Hata ukipona, mfuko ule hukai nao mpaka kufa. Baada ya miaka kumi, kumi na tano, unaweza kuhitaji kubadilishwa."

"Ni dola elfu nne Lubumbashi," akasema Valère.

"Hizo ni za kuuweka. Uliza na za kuutoa." Akachora mstari mgongoni. "Njia ya pili, nachukua msuli wa mgongo, nauzungushia mbele. Unafanya kazi gani, mayo?"

"Nauza samaki. Nabeba."

"Basi msuli huo ndio unaobeba. Nisingeugusa." Akashusha kalamu. "Ya tatu ni tumbo. Nyama ya chini ya kitovu, ngozi na mafuta yake, nahamishia juu. Ni nyama yako, utazeeka nayo. Lakini unakaa mezani saa nane. Kidonda kinatoka nyonga hii hadi nyonga hii. Majuma sita huinui hata sufuria, miezi mitatu hubebi beseni, na kuna wanaobaki na tumbo dhaifu. Mimi sikufichi."

"Na bila kukatwa?"

"Kuna titi la kuvaa, la silikoni, wanauza Lusaka kwacha elfu mbili na mia tano. Linakaa miaka miwili, mitatu. Kwenye joto hili litakuchoma, lakini huchanwi. Au hufanyi lolote. Na hiyo ni njia. Wengi huichagua, na ugonjwa hauwarudii kwa sababu hiyo."

Valère akauliza, macho bado kwenye kalenda. "Ipi inafanana zaidi?"

"Ya tumbo, ikikubali."

Pierrette alikuwa anafunga vifungo vya blauzi. Akauliza bila kuinua kichwa, "Litasikia?"

Daktari akaacha kuandika. "Hapana, mayo. Pengine pembeni kidogo, baada ya miaka. Mtu akiligusa, utajua kwa kuona."

Misozi akaendelea na mengine. Hospitali ya serikali haidai nyingi kwa upasuaji wenyewe. Kinachomaliza watu ni nauli, pa kulala, vipimo, na chakula cha mtu wa kumuuguza. Watenge kwacha elfu kumi na mbili hivi. Nafasi zilikuwa mbili, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, na jina lipelekwe kabla ya juma lijalo kwisha.

"Swali la mwisho," akasema daktari. "Kwa nini unalitaka?"

"Ili awe kama wengine," Valère akajibu.

"Nimemuuliza yeye."

Pierrette akaangalia ule mchoro mbaya. "Nitakujibu," akasema.

*

Siku zilizofuata alikaa nyumbani. Chisense aliokwisha kuwalipia kwa wavuvi alimpa jirani amuuzie, na jirani akarudisha pesa pungufu, akisema watu walipojua ni samaki wa nani walitaka nyongeza ya konzi mbili. Pierrette hakubishana. Alifua, akapika, akafagia ua uliokuwa umeshafagiwa.

Jumanne Valère alirudi kutoka ufukweni mapema, bila kisanduku chake cha spana. Akasimama mlangoni.

"Nimesema," akasema.

"Umesema nini?"

"Nilikuwa natengeneza moteri ya bale bavuvi ba Puta. Mumoja akasema nipime vizuri mafuta, juu muke yangu iko na mizani yake. Bote bakacheka. Nikanyamaza. Akasema tena. Basi nikasema. Nikasema asema muke yangu hapana mwizi. Asema ile kintu ya ku meza ya Chama ni titi."

Pierrette alikuwa anachambua mboga za mihogo. Akaliweka jani chini.

"Mbele ya nani?"

"Bote."

"Baba Antoine." Alisema polepole, kama anayemweleza mtu mgeni na lugha. "Ile siri niliinunua na jina yangu. Nililipa mbele ya soko nzima. We umeiuzisha bule."

"Balikuwa banakutukana."

"Balikuwa bananitukana miye. Uliacha miezi kumi na sita yote bila kusema hata neno moja ndani ya nyumba hii, na siku yenye umepata mudomo, umeenda kuifungulia ku bwato."

Valère akatoka, akakaa kwenye kibanda mbele ya vyuma vyake, na hakugusa hata kimoja.

*

Asubuhi yake akaja Matildah. Alivaa kitenge kipya, ameshika sukari kilo mbili na mfuko mweusi wa plastiki. Akakaa kwenye kigoda kabla ya kukaribishwa, akaweka mfuko mapajani mwa Pierrette. Ndani yake kilikuwa kile kifuko.

"Nilimwambia Chama anipe. Faini umefutiwa. Sikujua, ba Pierrette. Mungu ananiona, sikujua."

"Ungejuaje?"

Kuku akapita katikati yao. Matildah akajikuna kiwiko, akaangalia sukari, akaangalia ukuta.

"Lakini lilipimwa," akasema.

"Nini?"

"Siku ile. Lilipimwa pamoja na samaki, kumi na mbili na nusu, na pesa nilikuwa nimeshakuhesabia. Gramu mia nne nimelipa hewa."

Pierrette akamtazama. Mwanamke yule hakuwa anatania. Alikuwa mfanyabiashara, na gramu mia nne zilikuwa zimemkaa rohoni juma zima, pamoja na huruma, kila kimoja mahali pake.

"Unataka nikurudishie pesa ya titi?"

"Nataka samaki wangu."

Kicheko kilianzia mbali, tumboni, mahali ambapo Pierrette alikuwa amesahau kwamba panacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Matildah akamtazama kwa wasiwasi, halafu naye akashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili hadi Valère akachungulia kutoka kibandani. Pierrette akaingia ndani, akatoka na bakuli la chisense, akakitoa kifuko chake kwenye ule mfuko mweusi, akammiminia humo kwa makadirio ya mkono wake, na Matildah akapima kwa macho na kuridhika.

Kisha, akiwa ameshasimama kuondoka, akauliza kwa sauti ya chini. "Ugonjwa huo hauingii kwenye chakula?"

"Hauambukizi."

"Najua. Nauliza ili nijue la kuwaambia kule Kitwe, maana maneno yatafika kabla yangu." Akarekebisha kitenge. "Nitaendelea kununua kwako. Ila kwa sasa unishushie kidogo kwenye kilo, mpaka maneno yapoe. Unanielewa, dada yangu."

Pierrette akamwelewa. Akakubali bei.

*

Mchana ule, jua likiwa bado kali nje, alimwita Valère chumbani. Akafunga mlango, akavua blauzi. Mumewe akageuka upande wa ukuta kwa mazoea.

"Angalia."

"Mama Antoine..."

"Unataka kuuzisha moteri juu ya kintu yenye hujaona. Angalia kwanza."

Aligeuka kwa shida, kama mtu mwenye shingo iliyokaza. Akatazama. Upande wa kulia palikuwa bapa, ngozi nyeusi zaidi pale mionzi ilipopita, na mstari mmoja wa mshazari kutoka kwapani hadi karibu na mfupa wa kifua. Alitazama muda mrefu. Akapiga hatua, akasimama.

"Nilifikiria iko shimo," akasema.

"Shimo?"

"Banasema banakata, banatoa nyama. Nilifikiria banaacha shimo, na ngozi inafunika juu. Usiku nilikuwa naogopa kugeuka, mukono isiingie." Akapangusa uso kwa kiganja. "Hapana shimo."

"Hapana."

"Ni mustari tu."

"Ni mustari tu."

Akakaa kwenye kitanda, na kitanda kikalia. Pumzi ilimtoka ndefu, na mabega yakamshuka. "Basi tuache," akasema. "Yolande aseme yenye anataka. Miye sina lazima. Moteri ibaki, we ubaki hivi. Inatosha."

Angeyasema maneno hayo miezi kumi na sita nyuma, Pierrette angelia kwa shukrani. Sasa aliyasikiliza, akayaona ni mema, na ndani yake kitu kikakataa kutulia.

"Miye minalitaka," akasema.

Valère akashangaa. "Sasa? Kisha vyote hivi?"

"Mbele lilikuwa la kufunika haya. Haya yenu, bote. Sasa bote banajua, hakuna ya kufunika, na miye ningali minalitaka." Alikuwa anavaa, anasema na blauzi usoni. "Kila asubuhi, mbele ya kusali, mbele ya kunawa uso, niko natafuta kile kifuko. Nikiinama minakifikiria. Nikisalimia mutu minakifikiria. Nimechoka nacho, Baba Antoine. Minataka nifikirie samaki."

"Dokta alisema halitasikia."

"Hata sasa halisikii."

"Na miezi tatu bila kubeba?"

Hilo alikuwa amelifikiria tangu Alhamisi, kwenye kufua na kufagia. "Mwezi wa kumi na mbili serikali inafunga ziwa. Hakuna kuvua mpaka mwezi wa tatu. Ile miezi tatu ya dokta na ile miezi tatu ya ziwa ni moja. Nitabeba nini? Nitauzisha vikwembe vyangu, vyote kumi na mbili. Moteri usiguse, ni chuo ya Antoine."

Vikwembe vile alikuwa amevikusanya kwa miaka, kimoja kimoja, kutoka ng'ambo, kwa ajili ya siku atakapochoka na samaki afungue meza ya nguo. Valère alilijua hilo.

"Iko kintu moja," Pierrette akaendelea. "Maji. Nikirudi, nani atachota? Antoine iko Mansa."

"Miye."

"Ku pompe? Katikati ya banamuke?"

Valère akafikiri, na ilionekana wazi kwamba anaiona foleni ile, ndoo na vicheko. "Miye," akasema.

Jioni Pierrette akampigia Misozi. Akasema jina liandikwe, la tumbo, na akaomba daktari aambiwe kwamba jibu la swali lake analo, atampa mwenyewe.

*

Mwezi wa kwanza mvua zilikuwa za kila siku. Boti zimevutwa juu ya mchanga zimelala, soko la samaki tupu, mizani imefunikwa turubai. Pierrette alikaa mlangoni kwenye kiti chenye mgongo, amejikunja kama bibi kizee, mto umewekwa tumboni. Kidonda kilikuwa kimefunguka kidogo kwenye nyonga ya kushoto, na kila baada ya siku moja alikwenda kwa Misozi kufungwa upya. Vikwembe vilikwisha vyote, na walikuwa wanakula mihogo na mboga zake.

Titi lilikuwepo. Lilikuwa kubwa kidogo kuliko mwenzake, halina chuchu, na mshono wake ulikuwa bado mwekundu. Yolande alipokuja alilitazama, akasema, "Iko muzuri," haraka mno, kisha akauliza habari za mvua. Pierrette hakuwa na hakika kama amefurahi. Kuna siku maumivu ya tumbo yalimfanya ajute mpaka jioni. Kuna siku alikumbuka saa sita mchana kwamba hakuwa amelifikiria tangu alipoamka.

Valère akatokea kwenye kona, ndoo ya lita ishirini begani, shati limelowa mgongo mzima. Hakujua kubeba kichwani, na alikuwa amekataa kujifunza.

"Leo banasema nini?" akauliza Pierrette.

"Banasema nipite mbele, nichote, nitoke. Nikakataa, nikasimama ku foleni." Akatua ndoo, akahema. "Sasa banasema asema huyu mwanaume anapenda kukaa na banamuke."

Pierrette akaanza kucheka, akakandamiza mto kwa mikono miwili. "Usinichekeshe. Mishono."

"Sikuchekeshi. Ni kweli banasema."

Akamimina ndoo kwenye pipa, na mlio wa maji ulionyesha kwamba pipa bado liko mbali kujaa. Akachungulia ndani.

"Ndoo ngapi?" akauliza Pierrette.

"Tatu ingali. Ama ine."

Pierrette akaweka viganja kwenye mikono ya kiti, akajiinua nusu, kama alivyozoea maisha yake yote anapoona kazi haijaisha.

"Kaa," akasema Valère.

Akaokota ndoo tupu, akairudisha begani, akaondoka tena kwenye matope. Pierrette akarudi taratibu hadi mgongo wake ukagusa kiti. Mikono yake, isiyojua ifanye nini, akailaza mapajani, akamfuata mumewe kwa macho mpaka alipopinda kona.